Shemasi wa Forrest River

Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti katika kijiji kimoja cha Ugogo kwa muda wa miaka 29. Kazi yake ilikuwa kugonga kile kipande cha reli kilichotumika kama kengele, kuongoza sala, kufundisha wanafunzi wa ubatizo, kutembelea wagonjwa na kuzika wafu. Kasisi alikuwa akija mara tatu au nne kwa mwaka, kwanza kwa baiskeli na miaka ya baadaye kwa pikipiki. Siku hiyo wale waliofundishwa na baba kwa miaka miwili walibatizwa, na kasisi akaandika majina yao katika daftari. Daftari lile lilikuwa na safu ya jina, safu ya wazazi, safu ya tarehe, na safu ya mwisho ilikuwa ya mbatizaji. Nimelipekua mara nyingi. Jina la baba limo mara saba tu, katika safu ya wazazi, kwa sababu tulizaliwa watoto saba.

Baba hakunung'unika kwa jambo hilo, nami silitaji ili kunung'unika kwa niaba yake. Nalitaja kwa sababu ndilo lililonifanya nisome habari za watumishi wa Kanisa la Kianglikana huko Australia, nchi ambayo tangu utotoni ilikuwa masikioni mwetu. Wauguzi na walimu wa misheni walitoka huko. Hata askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, George Alexander Chambers, aliyewekwa wakfu mwaka 1927, alikuwa kabla ya hapo kasisi wa mtaa wa Dulwich Hill katika jiji la Sydney. Sisi watoto tuliamini kwamba Australia ni nchi ya Wazungu tupu, ambao Mungu aliwajalia kondoo wengi na dawa nyingi. Kwamba ilikuwa na wenyewe, watu weusi walioishi humo maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Ulaya kufika, hilo sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

Wenzetu wa huko wamejitahidi kutunza kumbukumbu. Mwanahistoria Kenneth Cable wa Sydney alitumia miaka mingi ya maisha yake kukusanya habari za makasisi wote wa Kianglikana waliotumika Australia tangu mwaka 1788 mpaka wale wa mwaka 1961: kila mmoja alizaliwa wapi, alipewa ushemasi lini, ukasisi lini, alitumika mitaa gani na alikufa lini. Ni kazi ya kustahiwa. Lakini msomaji anayetoka nyumba kama yangu hawezi kuisoma kazi ya namna hiyo bila kujiuliza: je, maisha ya mtumishi yanatosha kupimwa kwa daraja alilopewa na tarehe aliyopewa?

Tuanze na wa kwanza wao. Richard Johnson alifika mwaka 1788 pamoja na meli za kwanza zilizoleta wafungwa kutoka Uingereza. Ibada yake ya kwanza aliiongoza tarehe 3 Februari mwaka huo. Serikali ilimlipa mshahara lakini haikuwa na haraka ya kumjengea kanisa, basi mwaka 1793 akalijenga kwa fedha zake mwenyewe, kwa fito na udongo kama nyumba zetu za zamani. Mwaka 1798 kanisa lile likateketea kwa moto, na wengi waliamini kwamba lilichomwa na wafungwa waliochoka kulazimishwa kuhudhuria ibada. Aliyemfuata, Samuel Marsden, alifika mwaka 1794. Huyu alikuwa kasisi, mkulima na mfugaji wa kondoo, na juu ya hayo alikuwa hakimu. Jumapili alihubiri msamaha, na siku nyingine za juma aliwahukumu wafungwa wachapwe mijeledi. Watu walimpa jina la kasisi wa mijeledi, na jina hilo halijamtoka mpaka leo.

Hao wawili wanatuonyesha mzigo wa mwanzo wa utumishi ule. Kasisi alikuwa mtu wa serikali. Alikula mkono ule ule ulioshika mjeledi, na mtu akifadhiliwa hivyo huwa vigumu kwake kufumbua kinywa.

Mzigo wa pili ulikuwa umbali. Mwaka 1824 Australia yote iliwekwa chini ya Askofu wa Calcutta, huko Bara Hindi! Ilipofika 1836, William Grant Broughton akawa Askofu wa Australia, mtu mmoja kwa bara zima. Mwaka 1897 walianzisha huko Longreach, katika Queensland, udugu wa makasisi wasiooa, waliosafiri kwa farasi kutoka shamba hadi shamba, wakibatiza na kufungisha ndoa za watu ambao huenda hawakuwa wamemwona kasisi kwa mwaka mzima. Nilipofika hapo katika kusoma nilitabasamu, maana nilimkumbuka kasisi wetu na baiskeli yake. Nilijiuliza pia ni nani aliyesali na watu hao katika miezi ile ambayo kasisi hakuwapo.

Mzigo wa tatu ulikuwa ukweli, na habari zake nitazieleza kwa kirefu.

John Brown Gribble alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1847, akakulia Australia. Mwaka 1880 alianzisha misheni ya Warangesda kando ya mto Murrumbidgee kwa ajili ya Waaborijini, yaani wenyeji wa asili, waliokuwa wakitangatanga katika nchi yao wenyewe baada ya ardhi kuchukuliwa na masetla. Mwaka 1885 alikwenda Australia Magharibi, sehemu za Gascoyne, na huko aliwakuta wenyeji wakifanyishwa kazi kwa mikataba wasiyoielewa, na waliotoroka wakirudishwa kwa minyororo. Alisema. Mwaka 1886 alichapisha kijitabu akieleza aliyoyaona. Masetla walimkasirikia, magazeti yakamshambulia, na halmashauri ya misheni ya dayosisi iliyomwalika ikamwondolea msaada. Alilishtaki gazeti moja kwa kumkashifu, akashindwa. Alirudi mashariki akiwa maskini, na mwaka 1892 akaanzisha misheni ya Yarrabah karibu na Cairns. Mwaka uliofuata akafa.

Mwanawe, Ernest Gribble, ndiye aliyeirithi Yarrabah. Sitaki kumsifu kupita kiasi. Alikuwa mtu mkali, mwenye amri nyingi. Watoto aliwatenga na wazazi wao akawalaza mabwenini, na maisha yote ya misheni yalikwenda kwa kengele na adhabu. Wako wazee wa huko ambao jina lake liliwaachia uchungu, na uchungu huo ni wa haki. Lakini maisha ya Ernest hayasimuliki bila mtu mwingine, naye ndiye hasa niliyekusudia kumtaja: James Noble.

James Noble alizaliwa yapata mwaka 1876 huko Boulia, magharibi mwa Queensland. Alikuwa Mwaborijini. Alipokuwa kijana alichunga ng'ombe juu ya farasi, akichunga mali ya Wazungu kama vijana wengi wa rika lake. Waajiri wake walimchukua mpaka Scone, katika New South Wales, na huko alijifunza kusoma, akabatizwa mwaka 1895. Baadaye alifika Yarrabah, akawa msaidizi mkuu wa Ernest Gribble. Huko alimwoa Angelina. Mama huyu naye alikuwa na historia yake: alipokuwa msichana alitekwa na mfanyabiashara wa farasi aliyemtembeza huku na huku amevikwa nguo za kiume, mpaka polisi walipomgundua na kumpeleka misheni. Mtu aliyepitia hayo angeweza kujifungia moyo wake daima. Angelina alijifunza lugha kadhaa za wenyeji, akawa mkalimani, mwalimu na muuguzi.

Mwaka 1908 jumuiya ya CMS ilipofungua misheni kwenye mto Roper, kaskazini, James na Angelina walikuwa miongoni mwa waliotumwa kuianzisha. CMS ni jumuiya ile ile ambayo wazee wetu wa Ugogo waliijua vizuri. Mwaka 1914 mume na mke walikwenda mbali zaidi, mpaka Forrest River, karibu na bandari ya Wyndham katika nchi ya Kimberley, kumsaidia Gribble. Walijenga, walilima, walifundisha, waliuguza. James alikuwa mhubiri ambaye watu walimwelewa, maana aliwasemesha kama mtu wa kwao.

Forrest River ilikuwa katika dayosisi ya Askofu Gerard Trower, na hapa ulimwengu unajionyesha kuwa mdogo. Trower, kabla ya kwenda Australia, alikuwa Askofu wa Likoma tangu mwaka 1902. Dayosisi hiyo ya Ziwa Nyasa ilifika hadi ng'ambo ya mashariki ya ziwa, katika sehemu ambazo leo ni Tanzania na Msumbiji. Huko alimkuta kasisi Mwafrika, Yohana Abdallah wa Unangu, aliyepewa ukasisi mwaka 1898. Na kabla ya huyo, Cecil Majaliwa alikwisha kupewa ukasisi Zanzibar mwaka 1890. Basi lile swali kama mtu mweusi anaweza kusimama mbele ya Meza ya Bwana lilikuwa limekwisha kujibiwa huku kwetu zamani.

Mwezi wa Septemba 1925, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu George mjini Perth, James Noble alifanywa shemasi. Alikuwa Mwaborijini wa kwanza kupewa daraja takatifu katika Kanisa la Kianglikana la Australia. Wenyeji wawili wa visiwa vya Torres Strait, Poey Passi na Joseph Lui, walikuwa wamepewa ushemasi mwaka 1919, na hao baadaye waliendelea mpaka ukasisi. Noble hakuendelea. Shemasi anaweza kuhubiri, kubatiza na kuzika, ila hawezi kubariki mkate na divai wala kutamka ondoleo la dhambi. Kwa hayo alilazimika kumsubiri mwingine, kama baba yangu alivyomsubiri mtu wa baiskeli.

Haukupita mwaka mmoja, ushemasi huo ukajaribiwa. Mwezi wa Mei 1926 setla mmoja, Frederick Hay, aliuawa kwa mkuki na mwenyeji aitwaye Lumbia, ambaye Hay alikuwa amempiga mjeledi. Polisi walitoka na kikosi cha askari, masetla na wafuata nyayo wenye bunduki, wakazunguka porini kwa majuma kadhaa. Lumbia alikamatwa. Lakini watu walianza kukimbilia misheni wakiwa na majeraha na habari za kutisha: ndugu zao wamefungwa minyororo, wamepigwa risasi, na miili yao imechomwa moto.

Habari za mdomo zisingeaminiwa na mtu yeyote huko Wyndham. Ilibidi mtu aende aone. Aliyekwenda ni shemasi. Ule ujuzi wa kusoma nyayo aliojifunza akichunga ng'ombe za watu sasa aliutumia kufuata njia ya wale farasi, mpaka akafika penye majivu na vipande vya mifupa iliyoungua. Alivichukua akavileta. Nimejaribu mara nyingi kumwona mtu huyo, aliyewekewa mikono na askofu miezi michache tu iliyopita, ameinama juu ya majivu akichambua mifupa ya watu wa rangi yake. Katika kitabu cha ibada cha kuwekea mashemasi, shemasi anaagizwa awatafute wagonjwa, maskini na wanyonge. Hakuna aliyedhani kwamba agizo hilo lingetimizwa kwa namna hiyo.

Gribble alipeleka habari serikalini, wala hakunyamaza alipochukiwa na masetla wa wilaya nzima. Mwaka 1927 Tume ya Kifalme chini ya hakimu G. T. Wood ilisikiliza mashahidi, na Noble alikuwa mmoja wao. Tume iliamua kwamba watu 11 waliuawa na miili yao kuchomwa. Askari polisi wawili walishtakiwa, lakini mahakama ya mwanzo iliona ushahidi hautoshi, wakaachiliwa. Hakuna aliyeadhibiwa. Ni haki kuongeza kwamba wako waliokana habari hizi hata baadaye. Mwaka 1999 mwandishi Rod Moran alitoa kitabu akidai kwamba mauaji hayo hayakutokea. Wanahistoria wengine wamemjibu, na katika nyumba za wenyeji wa Kimberley kumbukumbu ya mwaka ule haikufutika.

Mwaka 1928 Gribble aliondolewa Forrest River, baada ya ukali wake na uendeshaji wake wa misheni kulaumiwa, na si lawama zote zilikuwa za uongo. Hapa msomaji hupata taabu, nami nilipata taabu hiyo hiyo. Tunapenda msema kweli awe mtu mwema katika mambo yote, na mkandamizaji awe mbaya katika yote. Gribble aliwatenga watoto na mama zao, na Gribble huyo huyo alikataa kufunika mauaji. Sipati njia ya kulitoa moja ili nibaki na jingine.

Noble alirudi Queensland mwanzoni mwa miaka ya 1930, afya yake ikiwa imedhoofika. Alikufa Yarrabah mwezi wa Novemba 1941, akiwa bado shemasi, baada ya miaka 16 katika daraja lile la kwanza. Angelina aliishi mpaka mwaka 1964. Yeye hakuwahi kupewa daraja lolote, na zama zile mwanamke asingepewa ukasisi. Wanawake wa kwanza katika Kanisa la Kianglikana la Australia walipewa ukasisi mwezi wa Machi 1992, katika Kanisa Kuu lile lile la Perth ambamo mumewe aliwekewa mikono.

Kuna jambo moja ambalo nikilifikiri linanichoma. Mwaka 1955, huko Namirembe, Uganda, Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Central Tanganyika, dayosisi iliyolelewa na Waaustralia. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini wakati huo Kanisa lililotutuma walezi hao halikuwa hata na kasisi mmoja Mwaborijini. Michael Gumbuli Wurramara, kule mto Roper ambako James na Angelina walisaidia kufungua njia, alipewa ukasisi mwaka 1973. Arthur Malcolm, mwana wa Yarrabah, akawa askofu wa kwanza Mwaborijini mwaka 1985, miaka 30 baada ya Yohana Omari. Wahenga walisema mganga hajigangi. Nadhani si kwamba wale wauguzi na walimu wetu walikuwa wanafiki. Wengi wao walitupenda kweli, na baadhi yao makaburi yao yako huku. Ila yawezekana kabisa mtu akasafiri nusu ya dunia kumtafuta jirani, na jirani aliyezaliwa naye asimwone.

Basi niseme na langu, maana si haki kuwachambua watu wa mbali nikajiacha mwenyewe.

Nilipohamia mji mwingine kikazi nilichaguliwa kuwa katibu wa baraza la kanisa, kazi niliyoifanya miaka 14. Siku moja lilikuja shauri la mjane. Mumewe alikuwa mwinjilisti aliyefia kazini, na familia iliishi katika nyumba ya kanisa. Baraza liliamua kwamba aihame katika mwezi mmoja, na kwamba hakuna kiinua mgongo, kwa sababu marehemu hakuwa katika orodha ya watumishi wenye mshahara. Mama yule aliitwa ndani akaambiwa. Alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Wazee wangu, kama hayumo katika orodha, basi miaka yote hii ni nani aliyekuwa akiwazika?" Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti alitazama saa.

Mimi, mtoto wa mwinjilisti, nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika: "Mjane aliarifiwa, akapokea uamuzi." Kumbukumbu zikasomwa katika mkutano uliofuata, zikathibitishwa, zikatiwa sahihi. Sahihi ya pili ni yangu.

Miaka mingi baadaye nilipokuwa nasoma habari za Forrest River, nilipofika pale shemasi anapoinama juu ya majivu, nilikifunga kitabu nikatoka nje. Yeye alitembea porini siku kadhaa ili jambo lililotendeka lisipotee. Mimi jambo lilitendeka mbele yangu, umbali wa meza moja, na sikuhitaji kutembea hata hatua moja.

Mama yule amekwisha kufariki. Kumbukumbu iliyotiwa sahihi haibadilishwi, wala sina tena ruhusa ya kulifungua kabati lile. Kwa hiyo nimeliandika swali lake hapa, kwa maneno yake, kadiri ninavyoyakumbuka.

Na baba yangu, yule wa safu ya wazazi, alizikwa na kasisi aliyefika saa tisa alasiri kwa sababu pikipiki iliharibika njiani. Watu walisubiri tangu saa nne. Katika kusubiri huko wazee walianza kuimba nyimbo alizowafundisha, wakaziimba karibu zote, na hakuna aliyekwenda nyumbani.